Kalamu na Sanduku la Kura: Uchaguzi wa Seneti katika South Carolina, 1954

Utangulizi

Tarehe 2 Novemba, 1954, wapiga kura wa South Carolina, jimbo moja la kusini mwa Marekani, walikwenda vituoni kumchagua mtu wa kuwawakilisha katika Seneti, ambayo ni moja ya mabaraza mawili ya bunge la nchi ile. Karatasi ya kura waliyopewa ilikuwa na jina moja tu lililopigwa chapa kwa ajili ya kiti hicho, nalo lilikuwa jina la Edgar Brown, mgombea wa Chama cha Democratic. Aliyetaka kumchagua mtu mwingine ilimbidi ashike kalamu na kuliandika jina la mtu huyo kwa mkono wake mwenyewe katika nafasi iliyoachwa wazi. Kura zilipohesabiwa ilidhihirika kwamba jina lililoandikwa kwa mkono limelishinda jina lililopigwa chapa kwa kura karibu 60,000.

Uchaguzi huu umeelezwa mara nyingi kama kisa cha wananchi kuukataa ubabe wa kamati ya chama. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Sisi tunaofundisha lugha tuna sababu ya kuutazama kwa jicho jingine, kwa kuwa ulikuwa uchaguzi wa kusoma na kuandika. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jimbo lililoshuhudia ushindi huo wa kalamu ni lile lile ambalo kwa zaidi ya miaka 200 lilikuwa likiitumia kalamu kama ukuta wa kuwazuia watu Weusi wasipate sauti katika utawala. Tutaanza na historia ya ukuta huo, kisha tutaueleza uchaguzi wenyewe, na mwisho tutaingia katika darasa dogo la watu wazima lililofunguliwa kisiwani miaka miwili tu baadaye, ambalo kwa maoni yetu lina fundisho kubwa kuliko uchaguzi wenyewe.

Kalamu iliyokatazwa

Mwaka 1740 South Carolina ilikuwa bado koloni la Uingereza, na utajiri wake ulitokana na mashamba ya mpunga yaliyolimwa na watumwa kutoka Afrika. Mwaka mmoja kabla ya hapo watumwa waliasi karibu na mto Stono, na mabwana wakaingiwa na hofu. Katika sheria waliyoitunga baada ya maasi hayo walitia kifungu kilichomtoza faini ya paundi 100 mtu yeyote atakayemfundisha mtumwa kuandika, au kumtumia mtumwa kama mwandishi. Yafaa tuone kwamba sheria hiyo ilikataza kuandika, si kusoma. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtumwa hakuruhusiwa kutembea nje ya shamba bila ya cheti cha bwana wake, na mtumwa ajuaye kuandika angeweza kujiandikia cheti mwenyewe. Mwaka 1834 sheria nyingine ilikataza kuwafundisha watumwa hata kusoma.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliuondoa utumwa. Katiba ya jimbo ya mwaka 1868 iliwapa wanaume wote haki ya kupiga kura bila ya kujali rangi, na iliagiza shule za umma zifunguliwe. Watu Weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu katika jimbo lile, hivyo walipata viti vingi katika baraza la wawakilishi wa jimbo, jambo ambalo halikupata kuonekana mahali pengine popote nchini Marekani. Lakini kuanzia mwaka 1876 Wazungu walioongozwa na Chama cha Democratic waliurudisha utawala mikononi mwao kwa vitisho na kwa damu. Baada ya hapo walitafuta njia za kisheria za kuulinda ushindi wao.

Njia ya kwanza ilikuwa sheria ya mwaka 1882, inayojulikana kama sheria ya masanduku manane. Badala ya sanduku moja la kura, kituo kiliwekwa masanduku manane, kila moja kwa cheo chake, na maandishi juu yake. Kura iliyotumbukizwa katika sanduku lisilo lake iliharibika. Mtu asiyejua kusoma hakuweza kujua sanduku la gavana ni lipi na la mbunge ni lipi. Na ikiwa rafiki yake alimfundisha mpangilio kabla hajaingia, wasimamizi waliweza kuyahamisha masanduku. Huo ulikuwa mtihani wa kusoma uliofichwa ndani ya chumba cha kura.

Njia ya pili ilikuwa ya wazi zaidi. Mwaka 1895 uliitishwa mkutano wa kutunga katiba mpya ya jimbo chini ya uongozi wa Benjamin Tillman, ambaye hakuficha kwamba shabaha yake ni kuwaondoa watu Weusi katika daftari la wapiga kura. Kati ya wajumbe 160, Weusi walikuwa sita tu. Mmoja wao alikuwa Robert Smalls, aliyezaliwa mtumwa, na ambaye mwaka 1862 aliiteka meli ya jeshi la Kusini katika bandari ya Charleston akatoroka nayo pamoja na jamaa zake, na baadaye akawa mbunge. Smalls na wenzake walipinga kwa hoja nzito, lakini hawakusikilizwa. Katiba mpya ilimtaka mtu anayejiandikisha aweze kusoma na kuandika kifungu chochote cha katiba ambacho karani wa uandikishaji angekichagua, au awe na mali ya thamani ya dola 300. Mpaka mwanzoni mwa 1898 iliachwa njia ya pembeni: asiyejua kusoma angeweza kuandikishwa kama karani aliridhika kwamba amekielewa kifungu alichosomewa. Karani huyo alikuwa Mzungu, na ni rahisi kukisia ni nani walioonekana wameelewa.

Hapa pana jambo la kutafakari. Jimbo lile liliwakataza wazazi wasijifunze kuandika, kisha likawanyima watoto wao kura kwa sababu hawakujua kuandika. Aliyeifunga shule ndiye aliyeuliza cheti.

Juu ya hayo yote, Chama cha Democratic kiliufanya uchaguzi wake wa mchujo kuwa wa Wazungu peke yao. Kwa kuwa chama kingine hakikuwa na nguvu katika jimbo lile, aliyeshinda mchujo alikuwa amekwisha shinda kiti, na uchaguzi mkuu wa Novemba ulikuwa desturi tu. Ukuta huu ulianza kubomoka mwaka 1947, Jaji J. Waties Waring alipotoa hukumu katika kesi ya George Elmore kwamba chama hakina haki ya kuwafungia Weusi nje ya mchujo. Katika mchujo wa Agosti 1948 watu Weusi zaidi ya 30,000 walipiga kura. Hata hivyo masharti ya katiba ya 1895 yalibaki pale pale, na walio wengi bado walikuwa nje ya daftari.

Kifo cha Seneta Maybank

Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya mambo ilipofika tarehe 1 Septemba, 1954, siku aliyofariki ghafla Seneta Burnet Maybank. Alikuwa amekwisha teuliwa na Chama cha Democratic kugombea tena, wala hakuwa na mpinzani. Kiti kikawa wazi, na jina lililokusudiwa kupigwa chapa katika karatasi ya kura likawa jina la marehemu.

Sheria ilitaka majina ya wagombea yathibitishwe siku 60 kabla ya uchaguzi, na siku ya mwisho ilikuwa tarehe 3 Septemba, siku ile ile ya mazishi. Saa chache baada ya maziko, Kamati Kuu ya chama katika jimbo ilikutana mjini Columbia. Wengine walitaka uchaguzi wa mchujo uitishwe upesi ili wananchi wachague wenyewe. Kamati ilishikilia kwamba muda umekwisha, na kwa kura 31 dhidi ya 18 ikaamua kumteua mgombea yenyewe. Iliyemteua alikuwa Edgar Brown wa Barnwell, mzee wa siasa za jimbo, aliyekuwa katika seneti ya jimbo tangu mwaka 1929 na mwenyekiti wa kamati yake ya fedha. Mtu asiyempenda hakuweza kukana kwamba Brown aliijua kazi yake. Lakini aliyemchagua alikuwa nani? Watu 31 waliokuwa wametoka mazishini.

Wananchi walikasirika. Tumekwisha sema kwamba katika jimbo lile mchujo ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe. Kwa hiyo kuunyima umma mchujo kulikuwa sawa na kuunyima kura. Ni ajabu ya historia kwamba malalamiko waliyoyatoa Wazungu wa South Carolina katika siku zile, kwamba wachache wamejifungia chumbani na kuwaamulia walio wengi, ndiyo yale yale ambayo majirani zao Weusi walikuwa wakiyatoa kwa muda wa miaka sabini.

Ndipo alipojitokeza Strom Thurmond. Alikuwa na umri wa miaka 51, mwanasheria, aliyepata kuwa gavana kuanzia 1947 hadi 1951. Mwaka 1948 aligombea urais wa Marekani kwa tiketi ya chama cha watu wa Kusini waliojitenga na Chama cha Democratic kwa kupinga mipango ya haki za Weusi, akapata kura 39 za wajumbe wanaomchagua rais. Yafaa pia sisi walimu tukumbuke kwamba kabla ya siasa na sheria Thurmond alikuwa mwalimu wa shule, na baadaye msimamizi wa elimu katika wilaya yake ya Edgefield. Alitangaza kwamba atagombea bila ya jina lake kuwamo katika karatasi ya kura, na akatoa ahadi: akichaguliwa, atajiuzulu mwaka 1956 ili wananchi wapate mchujo walionyimwa. Gavana James Byrnes, mtu mwenye sifa kubwa katika jimbo, alimwunga mkono.

Magazeti yageuka darasa

Tuzitazame sasa shida za kura ya namna hii. Kumpigia kura mtu ambaye jina lake limepigwa chapa hakuhitaji elimu kubwa, kwani mpiga kura hutafuta jina au chama na kutia alama. Kura ya kuandika jina humtaka mpiga kura akumbuke jina bila ya kukumbushwa, ajue herufi zake, aijue nafasi linapoandikwa, na aandike kwa namna itakayosomeka na mtu mwingine. Kwa lugha ya darasani, ya kwanza ni zoezi la utambuzi, na ya pili ni imla. Kila mwalimu anajua ni wanafunzi wangapi hufaulu katika la kwanza na kushindwa katika la pili. Tena jina lenyewe, Thurmond, si jepesi kwa asiyezoea kuandika. Ndiyo maana kamati ya chama iliweza kuamini kwamba jina lililopigwa chapa litashinda.

Lakini magazeti mengi ya jimbo yalichukua kazi ya ualimu. Yalichapa mifano ya karatasi ya kura na kuwaonyesha wasomaji mahali pa kuandika na namna ya kuandika. Waliokuwa upande wa Thurmond walilirudia jina lake mpaka likazoeleka machoni na masikioni. Kwa muda wa miezi miwili hivi South Carolina ilikuwa darasa moja kubwa, na somo lilikuwa maneno mawili tu.

Matokeo yalikuwa haya: Thurmond alipata kura 143,444, na Brown 83,525. Thurmond alikuwa amepata kiasi cha 63 kwa mia ya kura zote. Hakuna aliyepata kumshinda mgombea wa chama kikubwa kwa njia hiyo katika uchaguzi wa Seneti kabla yake. Ilipita zaidi ya nusu karne mpaka jambo kama hilo lilipotokea tena, mwaka 2010, katika jimbo la Alaska.

Somo lilikuwa la nani?

Tukiishia hapo, kisa hiki kitakuwa kitamu. Umma ulinyimwa haki yake, ukashika kalamu, ukaichukua. Lakini inatupasa kuuliza ni umma gani tunaousema. Sensa ya 1950 ilihesabu watu 2,117,027 katika jimbo lile, na karibu 39 kwa mia yao walikuwa Weusi. Wengi wa hao hawakuwamo katika daftari la wapiga kura. Tena hawakuwa na mgombea wa kumtumaini. Mwezi wa Mei mwaka ule ule Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba, na moja ya kesi zilizounganishwa katika uamuzi ule ilitoka katika wilaya ya Clarendon, South Carolina. Brown na Thurmond wote wawili walikuwa watetezi wa utengano. Ugomvi wao ulihusu nani ana haki ya kuteua. Haukuhusu nani ana haki ya kuandikishwa.

Hivyo basi katika jimbo moja, mwaka mmoja, kuandika kulikuwa na sura mbili. Mpiga kura aliyekwisha andikishwa alifundishwa kwa subira, akachorewa mfano gazetini, akaonyeshwa mahali pa kuweka kalamu. Kwa mtu aliyekuwa akiomba kuandikishwa kuandika kulikuwa mtego: alipewa kifungu kirefu cha katiba asichokijua kabla, akasimama mbele ya karani asiyemtakia mema. Uwezo uliotakiwa ulikuwa wa namna moja, yaani kusoma na kuandika. Kilichotofautiana kilikuwa nia ya mwenye kuuliza.

Thurmond alitimiza ahadi yake. Alijiuzulu Aprili 1956, akaingia katika mchujo, akapita bila ya kupingwa, na Novemba mwaka huo akarudi katika kiti chake. Tumpe haki yake katika hilo, kwani wanasiasa waliotimiza ahadi ya kuacha kiti si wengi. Lakini tarehe 28 Agosti, 1957, Seneti ilipokuwa ikijadili muswada wa kulinda haki ya kupiga kura, alisimama kuupinga na kuendelea kusema mpaka siku ya pili yake, kwa saa 24 na dakika 18, muda ambao hakuna seneta mwingine aliyeufikia wakati huo. Ili kuujaza muda huo alisoma kwa sauti, pamoja na mengine, sheria za uchaguzi za majimbo yote 48 ya wakati ule. Mwalimu huyu wa zamani, aliyeingia Seneti kwa kura zilizoandikwa kwa mkono, alikuwa akisoma sheria za kupiga kura ili kuwazuia wengine wasipige. Muswada ulipita hata hivyo.

Darasa la Johns Island

Wakati huo huo kulikuwa na walimu wengine katika South Carolina. Septima Clark alianza kufundisha mwaka 1916 katika kisiwa cha Johns Island, karibu na mji wa Charleston, kwa kuwa walimu Weusi hawakuruhusiwa kufundisha katika shule za umma za mji wenyewe. Alifundisha kwa miaka arobaini. Mwaka 1956 bunge la jimbo lilitunga sheria ya kuwakataza watumishi wa umma wasiwe wanachama wa NAACP, chama kikuu cha kutetea haki za Weusi. Clark hakukubali kuficha uanachama wake. Akapoteza kazi, na pamoja na kazi akapoteza malipo yake ya uzeeni.

Katika kisiwa hicho aliishi Esau Jenkins, mfanya biashara ndogo, ambaye kila asubuhi aliwachukua wafanyakazi kwa basi lake kwenda Charleston. Mwanamke mmoja abiria wake alimwambia kwamba angependa kupiga kura, lakini hajui kusoma. Jenkins akaanza kuwafundisha abiria vifungu vya katiba ndani ya basi. Wengine walivihifadhi kwa moyo, lakini kukariri si kusoma, na Jenkins aliliona hilo. Mwaka 1954, mwaka wa uchaguzi wetu, yeye na Clark walihudhuria mafunzo katika shule ya Highlander, jimbo la Tennessee, na huko Jenkins alieleza haja ya watu wa kisiwa chake ya kuwa na shule ya watu wazima. Shule za kawaida ziliogopa kutoa nafasi. Kwa mkopo wa dola 1,500 usio na riba kutoka Highlander, watu wa kisiwani walinunua nyumba. Mbele waliweka duka, ili asiyehusika asijue kinachoendelea. Nyuma ya duka ndiko darasa lilikofunguliwa Januari 1957, na wanafunzi wa kwanza walikuwa 14.

Aliyewekwa kufundisha, Bernice Robinson, jamaa yake Clark, alikuwa mtengeneza nywele na fundi cherehani, wala hakuwa na cheti cha ualimu. Clark alimchagua kwa makusudi. Alitaka mtu ambaye watu hawatamwonea haya, na ambaye hatawatendea wazee kama watoto. Robinson alikuja na vitabu vya shule ya msingi, akaona mara moja kwamba havifai kwa watu wenye wajukuu, akaviweka kando. Badala yake aliwauliza wanafunzi wanataka kujifunza nini. Walitaka kuandika majina yao, kusoma Biblia na gazeti, kujaza hawala ya posta na fomu za kuagizia bidhaa, na kukisoma kifungu cha katiba mbele ya karani. Basi hiyo ndiyo iliyokuwa mitaala. Ukutani alibandika Tangazo la Umoja wa Mataifa la Haki za Binadamu, akasema kwamba kabla ya mwisho wa masomo wataweza kulisoma lote. Walikutana usiku mara mbili kwa wiki katika majira ambayo kazi za mashamba zimepungua. Wanafunzi walijifunza majina yao kwa kuyafuatisha kwa penseli juu ya herufi zilizokwisha chorwa, tena na tena, mpaka mkono ukazoea.

Tunaomba msomaji alilinganishe zoezi hilo na lile la magazeti ya 1954. Yote mawili yalikuwa ya kuandika jina. Katika lile la kwanza jina lilikuwa la mgombea, na katika hili la pili lilikuwa la mwandikaji mwenyewe. Jina la mgombea lilimpeleka mtu mmoja Seneti. Majina yaliyofuatishwa kwa penseli nyuma ya duka yaliwatia watu katika daftari, na mfano wa darasa lile ukaenea visiwa vya jirani, kisha majimbo mengine ya Kusini, hasa baada ya mwaka 1961 mpango ulipochukuliwa na chama cha Martin Luther King.

Mwisho wa mtihani

Tarehe 6 Agosti, 1965, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya haki ya kupiga kura, ambayo ilisimamisha mitihani ya kusoma katika South Carolina na majimbo mengine ya namna yake. South Carolina ilikwenda mahakamani kuipinga, ikashindwa Machi 1966. Mwaka 1975 mitihani hiyo ilifutwa kabisa kwa nchi nzima. Mwaka huo huo Septima Clark alichaguliwa kuwa mjumbe wa halmashauri ya shule ya Charleston, ambayo zamani ilimfukuza kazi, na mwaka uliofuata akarudishiwa haki yake ya malipo ya uzeeni. Alifariki 1987. Thurmond alihamia Chama cha Republican mwaka 1964, akabaki katika Seneti mpaka Januari 2003, na akafariki Juni mwaka huo akiwa na umri wa miaka 100. Mwaka 1982 alipiga kura kuunga mkono kuongezwa muda kwa ile sheria ya 1965. Wapiga kura wake hawakuwa tena wa rangi moja, na mwanasiasa husoma daftari la wapiga kura kwa makini kuliko kitabu chochote.

Hitimisho

Tumeitaja Alaska ya mwaka 2010. Seneta Lisa Murkowski alishindwa katika mchujo wa chama chake, naye akagombea kwa njia ya kuandikwa jina, akashinda. Mpinzani wake alidai kwamba kura zenye makosa ya tahajia zisihesabiwe. Mahakama kuu ya jimbo ilikataa, ikasema kwamba ikiwa nia ya mpiga kura inaeleweka, kosa la herufi haliiharibu kura yake. Kwa sisi tunaosahihisha madaftari kila wiki, hukumu hiyo ina uzito wa pekee. Haikusema kwamba tahajia haina maana. Ilisema kwamba tahajia isifanywe sababu ya kumnyima mtu haki yake.

Hilo ndilo fundisho tunalotaka walimu wenzetu walichukue kutoka South Carolina. Tumezoea kusema kwamba elimu ni mwanga, na ni kweli. Lakini taa huweza kushikwa na mtu anayekuongoza njiani, na huweza kushikwa na askari anayekumulika machoni ili usione. Kila mara tunapotunga mtihani, iwe ni wa kuingia shuleni, wa kuajiri, au wa kumkubali mtu katika jumuiya fulani, hatuna budi kujiuliza swali ambalo makarani wa 1895 hawakutaka kuulizwa: je, tunapima kile tulichompa mtu nafasi ya kujifunza, au tunamwadhibu kwa kile tulichomnyima?

Tunapendekeza kisa hiki kisomwe na kujadiliwa katika madarasa ya juu na katika vyuo vya ualimu, na hasa na wale wanaofundisha kisomo cha watu wazima. Wanafunzi waulizwe ni kwa nini sheria ya 1740 iliogopa kuandika kuliko kusoma. Waulizwe pia ni kwa nini Clark alimchagua fundi cherehani badala ya mwalimu mwenye cheti. Majibu yao yatatufaa sisi wenyewe, maana mwalimu aliyeelewa ni kwa nini wazee 14 wa Johns Island walifuatisha majina yao usiku nyuma ya duka hatadharau tena mwandiko mbaya wa mtu mzima anayeanza.